Mlango Uliofunguliwa kwa Amina

Juzi mjukuu wangu aliniletea mfuko wa unga, akauweka mezani kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu. "Bibi, wa bure huu. Serikali imetoa, tumegawiwa pale kanisani." Nikaufungua. Kabla sijauona unjano wake, harufu ilikuwa imekwisha kunifikia: vumbi la gunia, mahindi yaliyokaa sana, na uchachu kwa mbali. Nikaufunga upesi, nikamwambia autoe nyumbani mwangu kabla sijaumwaga uani. Maskini, akanitazama kama mtu anayemtazama bibi yake akirukwa na akili. "Lakini Bibi, ni chakula tu." Eti chakula tu! Nilimwacha aende zake, kwa sababu angeanzia wapi kunielewa. Lakini ninyi wenzangu mliokuwa watoto huku Shinyanga wakati wa njaa ile, vita vya Wazungu vilipokuwa havijatutoka masikioni, ninyi mnaijua harufu hiyo. Mimi ilinilia mama yangu.

Baba yetu alikuwa na wake wawili. Mkubwa aliitwa Mama Masanja, mwanamke mnene wa sauti ya kukwaruza, mkali kwa watoto na mpole kwa ndama. Mdogo ndiye mama yangu mzazi, Msumbwa wa upande wa Runzewe, mwembamba, mweusi tii, mwenye maneno mengi na kicheko kilichosikika mpaka lamboni walikonyweshea ng'ombe. Mimi nilipozaliwa mvua ilikuwa inanyesha, nikaitwa Kabula, jina wanalopewa wasichana wa Kisukuma waliokuja na mvua. Kwa hiyo mama naye akawa Mama Kabula, na sikumbuki kusikia mtu yeyote akimwita kwa jina jingine.

Msidhani nawapamba wake wenza wale. Walikuwa wakigombana juu ya kuku na juu ya kuni, na siku nyingine hawakusemeshana mpaka jioni. Lakini walitwanga katika kinu kimoja, huyu na mchi wake, yule na wake, na midomo haikupumzika. Baba alikuwa amewahi kufanya kazi mgodini Geita, akarudi na kikohozi na fedha ya kununulia ng'ombe, na ng'ombe hao kumi na wawili ndio waliokwenda Runzewe kumwoa mama. Mama Masanja alikuwa akimtania: "Mwenzangu, mimi nilipewa mume mzima. Wewe umeletewa kikohozi." Mama naye hujibu, "Lakini mimi nimeolewa kwa dhahabu, dada. Wewe uliolewa kwa mtama." Wanacheka mpaka mchi unakosa kinu. Baba huko alikoketi anajifanya hasikii.

Kisha mvua ikagoma. Mwaka wa kwanza tulisema itanyesha. Mwaka uliofuata mtama ulichomoza, ukanyauka ukiwa kimo cha kidole. Ng'ombe walianza kuanguka mbugani, wanalala chini jioni na asubuhi hawaamki, na sisi watoto tulizoea kupita kando ya mizoga bila kuziba pua. Kihenge kilipoisha tukala michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa, mpaka mama akakung'uta kikapu na kutupikia vumbi lake. Baadaye tukala ukwaju na mizizi. Nakumbuka Mama Masanja akiloweka kipande cha ngozi ya ng'ombe tuliyokuwa tukilalia, akikichemsha tangu asubuhi, na sisi tumekizunguka chungu kama wageni wa harusi. Mdogo wangu, mtoto wa Mama Masanja, alikuwa amevimba miguu. Hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililowatisha wakubwa.

Ndipo likaja lori la Serikali. Lilikuja limejaa magunia ya mahindi ya njano, ambayo hatukuwahi kuyaona. Kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, kulikuwa na ghala, lakini paa lake lilikuwa limeliwa na mchwa. Jengo pekee lenye bati na mlango wa maana lilikuwa la misheni. Basi magunia yakashushwa misheni, lori likageuka, likaenda zake, na kazi ya kugawa ikaachiwa Padri, naye Padri, aliyekuwa mzee na mgonjwa wa macho, akamwachia katekista wake.

Katekista huyo alikuwa kijana wa kwetu kwetu, aliyesoma kidogo, mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hata katika mwaka ule ambao watu hawakuwa na maji ya kunawa. Kila asubuhi ya mgao alisimama mbele ya mlango wa ghala, sisi tumepiga magoti kwenye vumbi, akasalisha. Sala ilikuwa ndefu. Watu wazima waliyumba kwa njaa. Mwishoni alisema "Amina," nasi wote "Amina," akageukia mlango, akainama kidogo kama anayesalimia mtu wa ndani, na mlango ukafunguka.

Mimi nilikuwa nyuma, mfupi, naona migongo ya watu tu na kanzu yake. Kwa hiyo niliamini kwa moyo wote kwamba mlango ule ulifunguliwa na Amina. Niliamini kwamba Mungu wa misheni anakaa mle ndani, gizani, juu ya magunia, na ukimwita sawasawa anafungua. Nilimhurumia hata kwa kukaa kwenye vumbi lile. Masamva wetu, mizimu ya babu zetu, walikuwa na kijumba chao cha nyasi uani na tuliwapelekea togwa tangu zamani, lakini katika njaa ile hawakutupa hata punje. Mtoto hupima kwa tumbo. Nikaona huyu wa ghalani ndiye Mungu wa kweli, tena tajiri.

Shida ni kwamba hakutupa sisi. Waliopokea kwanza walikuwa wabatizwa. Waliofuata ni walioanza mafundisho, nao uliwatambua kwa medali ndogo ya bati iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Sisi wengine tulipewa kilichobaki, na mara nyingi hakikubaki. Baba akaenda kuomba medali. Katekista hakumkatalia, hapana. Alikuja nyumbani mwenyewe, akaketi kwenye kigoda, akatutazama wote kwa upole ambao mpaka leo nikiukumbuka nachukia.

"Baba Masanja," akasema, "medali ipo. Lakini Mungu hakai katika nyumba ya wake wawili. Chagua mmoja, mwingine umwache. Nitakuja keshokutwa."

"Na watoto?" baba akauliza.

"Watoto wote watakula. Mungu hana shida na watoto."

Katekista akaondoka. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anakohoa. Mama Masanja ndiye aliyeanza, akasema yeye ni mzee, amezaa vya kutosha, basi aende yeye, atakufa huko kwao bila kumsumbua mtu. Mama yangu akacheka. Wallahi, katika njaa ile, alicheka.

"Dada, wewe una mtoto mgongoni, amevimba miguu. Utakwenda naye wapi? Mimi kaka yangu yuko mgodini Geita, anakula posho ya Mzungu. Nitakwenda kukaa kwake. Mvua ikinyesha, narudi."

"Watasema umeachwa," akasema Mama Masanja.

"Nani kaniacha? Njaa ndiyo inayoniacha, si mume. Ng'ombe wamerudi? Hata kwato moja haijarudi. Sasa kuachwa huko kutatoka wapi?"

Hapo ndipo walipokosea wote watatu, na kosa lenyewe halikuwa la ujinga. Walijua sheria yetu kama walivyojua njia ya kisimani. Kwetu mke haachwi kwa maneno. Mwanamume aweza kupiga kelele mwezi mzima kwamba amemwacha mkewe, watu wanamsikiliza tu kama mlevi, mpaka ng'ombe wa mahari waliotoka warudi kwa wenyewe. Ng'ombe wakiwa bado upande wa pili, mke ni mke hata akiishi ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo kumwambia katekista "nimemwacha" kulionekana kwao neno la mdomoni tu, neno la kufungulia mlango, sawa na ile Amina. Baba akakubali. Nilimwona akipangusa macho, akasema ni moshi, na moto ulikuwa umezimika tangu jana.

Asubuhi mama alifunga kaniki yake, akachukua kibuyu cha maji na fimbo. Nikamwambia nataka kwenda naye. Akachuchumaa, akanishika mashavu. "Wewe baki ule, ng'wanawane," mwanangu. "Ukishiba, uombe mvua. Si unaitwa Kabula? Iite mwenzio." Akaelekeza ndani ya nyumba yake, kwenye jiwe lake la kusagia, lile alilokuja nalo kutoka kwao. "Unaliona jiwe langu? Nani anayehama akaacha jiwe?" Nikaridhika. Nilikuwa mtoto na jiwe lilikuwa kubwa. Mama Masanja alimsindikiza mpaka mbali, akarudi na uso umevimba kuliko miguu ya mwanawe.

Tukapata medali, tukapata mahindi. Nitasema ukweli, ugali ule ulikuwa mtamu. Ulikuwa mkavu, una mchanga, unanuka gunia, na ulikuwa mtamu mpaka nililamba sufuria. Mdogo wangu akaanza kulia tena, na nyumba nzima ikafurahi kumsikia. Mafundisho ambayo wengine waliyafuata miaka, njaa iliyafupisha. Padri alikuwa na haraka, nadhani aliogopa roho zitatoka kabla hajaziwahi. Tukabatizwa wote kwa siku moja, tukapewa majina mapya. Mimi nikawa Veronika. Katekista akatuonya tusiitane tena kwa majina ya kipagani, na baba, ambaye hakutaka kosa lolote limnyime mtoto mgonjwa chakula, akatuonya vilevile. Siku hiyohiyo baba na Mama Masanja walisimama mbele ya Padri wakavishwa pete. Mama Masanja alikuwa anatazama mlangoni wakati wote, kama mtu anayeogopa kufumaniwa.

Basi mimi nikaanza kuomba mvua. Nilikwenda nyuma ya ghala, nikapiga magoti upande ambako nilidhani Mungu anaweka mgongo wake, nikasoma sala zote nilizofundishwa, nikamaliza kwa Amina kubwa. Nilimweleza wazi kwamba sihitaji mvua kwa ajili ya mtama. Mvua ikinyesha mama anarudi, ndivyo alivyosema, na jiwe lake lipo. Kila siku nililifuta vumbi jiwe lile, nikalitandikia gunia lisipate baridi.

Mvua ikanyesha. Ilikuja mchana, kwa radi, na watu wazima walitoka nje wakasimama mdomo wazi kama vifaranga. Mimi nilikimbilia njiani, upande alikokwendea, nikakaa juu ya kichuguu, nikalowa mpaka jioni. Mama Masanja alikuja kunichukua. Hakunigombeza. Alisema, "Mito imejaa. Mpe muda." Nikampa muda.

Mtama ulipokuwa umefika magotini, Bwana Shauri alikuja kutoka bomani, yule Mzungu wa Serikali aliyetembelea vijiji. Alifanya baraza palepale uwanjani misheni, akakaa kwenye kiti cha turubai, kofia magotini. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata lakini tulikielewa. Alikuwa amesikia watu walikufa upande wa magharibi, naye ana habari kwamba magunia bado yamo. Akataka kuona ghala.

Katekista akasogea mbele, akaanza kukunja mikono asalishe, kama desturi. Bwana Shauri akamkatiza. "Ufunguo," akasema.

Katekista akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Ufunguo wa chuma, mdogo, wenye kutu, umefungwa uzi kama medali zetu. Mzungu akafungua, mlango ukalia, ukafunguka. Hakuna aliyesema Amina. Nilijipenyeza kati ya miguu ya watu nikachungulia, na mle ndani hakuna mtu aliyekuwa amekaa juu ya magunia. Kulikuwa na panya.

Akaanza kuuliza. Kwa nini magunia haya yamebaki? Katekista akajibu kwa sauti ndogo kwamba watu wengi walikuwa hawajatimiza. Hawajatimiza nini? Hawajatimiza mambo ya dini. Bwana Shauri akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatugeukia sisi sote, akasema polepole, kama anayesemesha viziwi: "Mahindi haya ni ya Serikali. Ya watu wote. Mkristo, mpagani, Mwislamu, mwenye mke mmoja, mwenye wake wanne. Ninyi mnalipa kodi. Nani aliwaambia kuna sharti?"

Nikamtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama, mkono kifuani, ameshika medali yake, na mdomo wake unachezacheza bila sauti. Wengine walianza kunung'unika. Mzee mmoja akacheka kicheko kibaya, akatema mate, akaondoka. Bwana Shauri alimfokea katekista kwa Kiingereza, akaandamana na Padri kwenda kunywa chai, na jioni gari lake likaondoka. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kesi yetu.

Njiani Mama Masanja alitembea nyuma ya baba. Tulipofika uani ndipo akalipuka. "Umesikia? Ni yetu! Yalikuwa yetu tangu mwanzo! Kesho uende Geita ukamchukue mwenzangu."

"Nimeapa," baba akasema.

"Uliapia mahindi."

"Niliapa kwa Mungu, Maria." Alikuwa anamwita kwa jina lake la ubatizo. "Mdomo niliotumia ni mmoja."

Asubuhi alinishika mkono tukaenda kwa Padri. Nadhani alinichukua ili Padri amwone mtoto mwenyewe asiye na mama. Padri alitukaribisha vizuri, akanipa kipande cha mkate. Baba akaeleza yote, mpaka habari za ng'ombe, kwamba hawajarudi, na kwa hiyo kwa sheria yetu mwanamke yule ni mkewe bado. Padri alisikiliza, macho yake yanatoa maji, sijui kwa huruma au kwa ugonjwa. Kisha akasema, "Mwanangu, katekista alikosea sana, nami nimekosea kutotazama. Lakini mahindi yalitoka serikalini. Ndoa yako imetoka mbinguni. Mambo haya mawili usiyachanganye."

Usiyachanganye! Mimi nilikuwa mtoto, natafuna mkate wake. Sasa ni mzee, na bado natafuta jibu la kumpa mtu yule. Wao ndio walioyachanganya mpaka yakawa ugali mmoja, tukala, tukashiba, ndipo wakatuambia tuyatenganishe.

Lakini nitawaambia kilichoniuma zaidi, kwa sababu kudanganywa ni jambo linalompata kila mtu. Kilichoniuma ni kwamba baba alikuwa ameamini. Tangu lini, sijui. Huenda ni siku mtoto alipoanza kulia tena. Nilimkuta zizini alfajiri, peke yake, kati ya ng'ombe wachache waliobaki, amepiga magoti kwenye samadi, anasali huku analia, na hapakuwa na mgao wa kitu chochote siku ile. Angekuwa anaigiza ningemsamehe mapema. Hakuwa anaigiza.

Mama alikuja mtama ukiwa umeanza kutoa masuke. Nilikuwa uani nafukuza ndege. Niliona kwanza fimbo, kisha yeye, amekonda, vumbi mpaka magotini, na bado anatabasamu. Nikashindwa hata kukimbia. Alisimama pale pale wanaposimama wageni, kwenye lango la miiba, akaita: "Hodi wenyewe! Mvua si imenyesha?"

Mama Masanja alitoka mbio akamkumbatia, wakalia wote wawili. Baba alitoka nyuma yake, akasimama mlangoni, asisogee. Mama akamwamkia kwa heshima, kama mke. Baba akaitikia. Kisha kwa sauti ambayo haikuwa na hasira hata kidogo, akamweleza: pete, kiapo, Padri alivyosema. Mama alisikiliza huku tabasamu likikauka usoni taratibu.

"Basi si mke," akasema mwishoni.

"Si mke."

"Haya. Nipe mwanangu niende naye."

Baba akatazama chini. "Ng'ombe wako kwenu. Mtoto aliyezaliwa kwa ng'ombe wa mahari ni wa baba yake. Wewe unajua."

Kwa kanisa mama hakuwa mke, na kwa ng'ombe mtoto hakuwa wake. Mama Masanja alianza kumtukana baba matusi ambayo hata katekista hakuwahi kuyasikia. Nadhani baba alitaka kufanya jambo moja jema, lolote, na jambo pekee alilolikumbuka ni desturi.

"Veronika," akaita, "mpe mgeni maji."

Mama akageuka, akatazama kushoto na kulia, akitafuta ni mtoto gani anayeitwa. Hapakuwa na mtoto mwingine uani. Nikainuka mimi. Nilichota maji mtungini kwa kata, nikayabeba kwa mikono miwili yasimwagike, nikapiga goti mbele yake kama tunavyofanya kwa wageni. Alinitazama muda mrefu. Alikunywa yote. Kisha akanirudishia kata, naye kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Veronika," akachukua fimbo yake, akaondoka.